Kampeni za Martin Luther King: ukiwa na nafasi ya kusoma moja tu, uchague ipi?

Mwalimu wa historia ana vipindi viwili tu kabla ya mitihani. Kikundi cha vijana kinatafuta mada ya kujadili kila Jumamosi kwa mwezi mzima. Mwanafunzi wa chuo anatafuta mada ya tasnifu. Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi anataka mfano wa kuwasimulia wenzake. Wote wanne wakilitaja jina la Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza mapambano ya weusi wa Marekani dhidi ya ubaguzi, wataelekezwa mahali pamoja: Washington, 28 Agosti 1963, hotuba ya "Nina ndoto".

Mimi nisingewapeleka huko kwanza. Hotuba ile ni tamu, sikatai, lakini ni ya siku moja, na jioni yake watu walikuwa wamekwisha kupanda mabasi kurudi makwao. Kazi yenyewe ilifanyika katika miji, kwa wiki na miezi, na kila mji ulimfundisha King jambo ambalo mji uliotangulia haukumfundisha. Anayetaka kujua mapambano bila silaha huendeshwaje achague mji.

Miji ya kuchagulia ni sita: Montgomery (1955–56), Albany (1961–62), Birmingham (1963), Selma (1965), Chicago (1966) na Memphis (1968). Ipo na mingine, kama St. Augustine kule Florida mwaka 1964, ila kwa anayeanza hii sita inamtosha.

Ushauri wangu nautoa mapema ili asiye na muda asihangaike. Kikundi kichague Montgomery. Anayesoma peke yake achague Birmingham, kwa sharti kwamba ataisoma pamoja na Albany. Selma inamfaa mwalimu mwenye vipindi viwili, na yeyote anayeshughulika na uchaguzi na sheria. Chicago ni ya mtu wa mjini anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi. Memphis ni ya wafanyakazi.

Montgomery na Birmingham

Hizi ndizo mbili zinazoshindaniwa zaidi, na hazifanani hata kidogo. Montgomery ilichukua siku 381. Birmingham, kuanzia maandamano ya kwanza hadi makubaliano, ilichukua wiki tano na ushei: 3 Aprili hadi 10 Mei 1963. Ya kwanza ni habari ya watu wa kawaida kuvumilia. Ya pili ni habari ya watu waliojipanga kuubana mji mpaka ukubali kuzungumza.

King mwenyewe ni watu wawili tofauti katika kampeni hizi. Montgomery inamkuta na miaka 26, mchungaji mgeni wa kanisa la Dexter Avenue, hajamaliza hata miaka miwili mjini. Alichaguliwa mwenyekiti wa umoja wa wakazi uliosimamia mgomo wa kuyasusia mabasi ya mji yenye ubaguzi siku ileile ulipoundwa, 5 Desemba 1955, na sababu mojawapo ni kwamba, kwa ugeni wake, alikuwa bado hajagombana na mtu. Birmingham inamkuta na miaka 34, jina lake linajulikana duniani, na amekuja kwa mwaliko wa Mchungaji Fred Shuttlesworth, mwenyeji aliyekuwa akipambana pale tangu 1956 na ambaye nyumba yake ililipuliwa kwa bomu usiku wa Krismasi ya mwaka huo.

Kinachoifanya Montgomery inifae kwa kikundi ni kwamba kila mtu atajiona ndani yake. Simulizi la haraka husema Rosa Parks alikataa kumpisha mzungu kiti, akakamatwa, King akaongoza mgomo. Ukiingia ndani unakuta watu wengine kabisa. Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza wa Alabama State College na kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake, alikuwa ameshamwandikia meya tangu Mei 1954 kumwonya kwamba watu wanafikiria kuyasusia mabasi. Parks alipokamatwa tarehe 1 Desemba 1955, Robinson aliingia chuoni usiku na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakakesha kwenye mashine ya kudurufu. Kulipopambazuka walikuwa na maelfu kwa maelfu ya vipeperushi. E. D. Nixon, mfanyakazi wa mabehewa ya reli na mzoefu wa mambo ya vyama, ndiye aliyemwekea Parks dhamana. Parks naye alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki, NAACP, kwa miaka. Hakuwa mshonaji aliyechoka tu akakaa. Na kabla yake, Machi mwaka huohuo, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa kosa lilelile.

Kisha linakuja swali ambalo kikundi chochote cha watu wazima kitalipenda: watu wafike kazini vipi kwa mwaka mzima bila basi? Weusi walikuwa karibu robo tatu ya abiria wa mabasi ya mji ule. Mwanzoni madereva weusi wa teksi waliwatoza senti 10, nauli ileile ya basi. Jiji likawakumbusha sheria ya nauli ya chini, senti 45. Hapo ukaundwa mfumo wa magari binafsi yapatayo 300, wenye vituo vya kupandia na watu wa kuratibu safari. Makanisa yakanunua magari makubwa ya abiria. Wenye kampuni za bima walipozifuta bima za magari hayo, bima mpya ilipatikana London, kwa Lloyd's. Haya yote yanahitaji fedha, na fedha zilitoka sehemu nyingi, lakini anayenivutia zaidi ni Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani upande wa King. Alirudi nyumbani akawasha jiko. Yeye na wanawake wenzake waliuza kuku, keki na chakula cha mchana, wakapeleka mapato kwenye mikutano ya kanisani. Walikiita kikundi chao "Klabu ya Kutoka Popote", maana mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu liwe hazikutoka popote. Hivyo wateja wao, hata wale weupe, hawangejulikana. Mama lishe yeyote wa Dar es Salaam angemwelewa Gilmore kabla hujamaliza sentensi.

Madai ya mwanzo nayo yatawashangaza wengi. Hawakudai kuondolewa kwa ubaguzi ndani ya basi. Walitaka dereva awe na adabu, weusi waajiriwe kuendesha njia zinazobeba weusi wengi, na abiria wajaze viti kwa kuwahi, weusi kutoka nyuma na weupe kutoka mbele. Ni madai ya chini mno, na jiji likayakataa hata hayo. Ukaidi huo ndio uliowasukuma kwenda mahakamani kudai yote.

Tena King wa Montgomery bado hajakomaa katika falsafa yenyewe. Bomu lilipotupwa nyumbani kwake 30 Januari 1956, mkewe Coretta na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, aliusihi umati wenye hasira urudi nyumbani kwa amani. Hiyo ndiyo picha inayosimuliwa. Haisimuliwi sana kwamba aliomba kibali cha kubeba bunduki, akanyimwa, na kwamba nyumba yake ilikuwa na walinzi wenye silaha. Bayard Rustin, aliyefika Februari 1956 akiwa na uzoefu mrefu wa mbinu za Gandhi, ni mmoja wa waliomsaidia kutoka kwenye "mgomo usio na fujo" hadi kuifanya njia hii kuwa imani. Kwa vijana wanaodhani King alizaliwa mtakatifu, sura hii ina faida kuliko hotuba kumi.

Udhaifu wa Montgomery, kama unatafuta hoja ya kubishania, ni mahakama. Kesi iliyoua ubaguzi wa mabasi, Browder v. Gayle, ilifunguliwa na wakili kijana Fred Gray kwa niaba ya wanawake wanne, Colvin akiwa mmoja wao. Walishinda Juni 1956, Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha 13 Novemba, na mabasi yakapandwa kwa usawa tarehe 21 Desemba. Je, ni miguu iliyoshinda au wakili? Kikundi kinaweza kuligombea hilo jioni nzima. Mimi naona kesi ndiyo iliyofungua mlango, na mgomo ndio uliowafanya watu elfu kadhaa wawe tayari kuingia bila woga mlango ulipofunguka. Mwenye maoni tofauti ana hoja za kutosha.

Sasa Birmingham. Hapa hakuna bahati wala ajali. Wyatt Tee Walker, aliyekuwa mtendaji wa shirika la King, SCLC, alichora mpango kama fundi: maduka yapi, milango ipi, hata muda ambao mzee na kijana wangetumia kutembea kutoka kanisa la Baptist la Mtaa wa 16 hadi madukani. Wakati uliochaguliwa ni kuelekea Pasaka, msimu wa kununua nguo mpya. Mtu aliyetegemewa kuharibu mambo upande wa pili ni Eugene "Bull" Connor, kamishna wa usalama wa jiji, ambaye hasira zake zilijulikana mjini kote.

Jiji lilipata amri ya zuio mahakamani. King aliivunja makusudi, akakamatwa Ijumaa Kuu, 12 Aprili. Gerezani alisoma tamko la viongozi wanane wa dini, weupe, waliosema maandamano hayakuja kwa wakati wake. Akaanza kuwajibu kwenye kingo za gazeti. Barua hiyo, ya tarehe 16 Aprili 1963, ndiyo sababu kubwa ya mimi kumshauri msomaji wa peke yake aende Birmingham. Ni andiko moja, linasomeka kwa kikao kimoja, na limebeba njia yake yote: hatua nne za kampeni, yaani kukusanya ukweli, kujadiliana, kujitakasa, ndipo kuchukua hatua, tofauti ya sheria ya haki na sheria ya dhuluma, na lawama kali kwa mweupe wa msimamo wa kati anayependa utulivu kuliko haki. Afrika nayo imo. King analalamika kwamba mataifa ya Asia na Afrika yanauendea uhuru kwa kasi ya ndege, huku wao wakijikokota kwa mkokoteni wa farasi kutafuta kikombe cha kahawa kwenye mgahawa. Hakuwa akiandika kwa kusikia tu: alikuwa Accra mwaka 1957 Ghana ilipopata uhuru, na Mei 1959 alizungumza kwenye dhifa ya kumkaribisha Tom Mboya kule Atlanta.

Barua haikuushinda mji, lakini. Mwishoni mwa Aprili watu wazima waliokuwa tayari kwenda jela walikuwa wamekwisha. James Bevel, mwenzake King katika SCLC, akapendekeza watoto. Tarehe 2 Mei wanafunzi zaidi ya elfu waliacha madarasa wakaandamana, wengine hawajafika miaka 10, na mamia wakawekwa ndani. Kesho yake Connor akaachia mbwa na mipira ya maji ya zimamoto, na picha zikaizunguka dunia.

Hapa ndipo Birmingham inapokuwa ngumu, na mwenye kuichagua asiukwepe ugumu huo. Malcolm X alisema mwanamume wa kweli haweki watoto mstari wa mbele. Wazazi wengi wa mji ule walikuwa na wasiwasi uleule, na King mwenyewe alisita kabla ya kukubali. Waliotetea uamuzi walisema watoto hao walikuwa wakiumizwa na ubaguzi kila siku, kamera iwepo isiwepo, na kwamba mtoto hana kazi ya kufukuzwa. Mimi hoja hizo nazielewa na bado sijatulia. Shuttlesworth alilazwa hospitali baada ya kupigwa na maji ya mpira, na akiwa bado dhaifu akagundua kuwa King anasimamisha maandamano bila kumshirikisha. Aliwaka, na alikuwa na haki ya kuwaka.

Tazama ni nani aliyekuja mezani. Connor hakuja. Walikuja wenye maduka, ambao mauzo yao yalikuwa yameporomoka. Makubaliano ya 10 Mei yalihusu vyumba vya kujaribia nguo, kaunta za chakula na ajira za weusi madukani. Usiku uliofuata mabomu yalilipuka, moja kwenye nyumba ya mdogo wake King, jingine kwenye moteli alimokuwa akifikia. Mwezi mmoja baadaye Rais Kennedy alitangaza kwamba atapeleka bungeni muswada, ule uliokuja kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Na kati ya muswada na sheria kuna 15 Septemba 1963: bomu kwenye kanisa la Mtaa wa 16, na wasichana wanne wakafa, Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair. Mwalimu anayefundisha Birmingham na kuishia kwenye makubaliano ya Mei anawadanganya wanafunzi wake kuhusu bei iliyolipwa.

Kwa nini Albany isiachwe

Hakuna anayechagua Albany, Georgia, kwa hiari. Ni kampeni iliyokwama. Ndiyo maana naiona lazima kwa anayesoma Birmingham: viongozi walewale, nyimbo zilezile, magoti yaleyale ya maombi, na mwaka mmoja kabla hawakupata kitu.

Vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki bila fujo, wakiongozwa na Charles Sherrod na Cordell Reagon, walikuwa wameshaanza kazi, na Novemba 1961 likaundwa vuguvugu la mji chini ya daktari William Anderson. King alialikwa Desemba kuja kuhutubia tu, akajikuta jela. Upande wa pili alikuwepo Laurie Pritchett, mkuu wa polisi, mtu tofauti kabisa na Connor. Alikuwa amejifunza mbinu za King. Aliwaagiza askari wake wasipige mtu mbele ya kamera, akapanga na magereza ya wilaya za jirani, na waandamanaji walipotaka kuijaza jela ya Albany wakasambazwa huko. Walikamatwa zaidi ya elfu moja, na jela ya mji haikujaa.

Julai 1962 King na rafiki yake wa karibu, Mchungaji Ralph Abernathy, walihukumiwa siku 45 au faini, wakachagua kifungo ili watu waone. Siku chache tu wakatolewa: mtu asiyejitaja alikuwa amewalipia faini. Abernathy alitania kwamba amewahi kufukuzwa sehemu nyingi, lakini kufukuzwa jela ni mara ya kwanza. Agosti King akaondoka mikono mitupu.

Usidanganyike na upole wa Pritchett. Nje ya kamera, katika jela ya Camilla iliyo jirani, mama mjamzito aliyewapelekea chakula wafungwa alipigwa na polisi, na baadaye akampoteza mtoto. Lakini picha hiyo haikuwepo, na Washington haikusumbuka. King alieleza baadaye kwamba kosa lilikuwa kuushambulia ubaguzi wote kwa mpigo badala ya kuchagua upande mmoja na kuubana. Ukiweka maneno hayo kando ya mpango wa Walker, wenye maduka yake ya kuhesabika, unaona Birmingham ilitokea wapi. Wenyeji wa Albany, kwa upande wao, hawakupenda kuitwa walioshindwa. Waliendelea na kazi baada ya King kuondoka, na kwaya ya vijana wa SNCC iliyozunguka Marekani kuchangisha fedha, akiwemo Bernice Johnson wa Albany, ilitokana na mikutano ile.

Selma au Chicago

Selma ndiyo rahisi kufundisha kuliko zote. Dai ni moja, kuandikishwa kupiga kura. Takwimu inaeleweka na mtoto: katika wilaya ya Dallas weusi walikuwa karibu nusu ya watu wenye umri wa kupiga kura, na walioandikishwa walikuwa asilimia 2 hivi. Adui ana sura, Sherifu Jim Clark. Kuna daraja, kuna tarehe, 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 wakiongozwa na John Lewis na Hosea Williams wakipigwa marungu na kupuliziwa mabomu ya machozi, na televisheni ikaonyesha usiku huohuo. Siku nane baadaye Rais Johnson yuko mbele ya Bunge, na 6 Agosti Sheria ya Haki ya Kupiga Kura inatiwa saini. Vipindi viwili vinatosha kabisa, na mwalimu ana cha ziada: tarehe 22 Januari mwaka ule walimu zaidi ya 100 wa mji huo waliandamana kwenda kudai kuandikishwa, watu ambao ajira zao zilikuwa mikononi mwa haohao waliokuwa wakiwapinga.

Kinachonikera kidogo ni usafi wake. Selma husimuliwa kana kwamba watu walitembea na sheria ikaja. Kazi ya Amelia Boynton, mwanaharakati mwenyeji, na wenzake ilikuwa ya miaka mingi kabla ya kamera. Jimmie Lee Jackson alipigwa risasi na askari wa jimbo kule Marion tarehe 18 Februari, akafa 26 Februari, na ni kifo chake kilichozaa wazo la kuandamana hadi Montgomery. Nchi haikutikisika sana kwa kijana mweusi wa shamba. Ilitikisika zaidi alipouawa James Reeb, mchungaji mweupe kutoka Boston, na vijana wa SNCC waliiona tofauti hiyo wakaisema waziwazi. Ipo pia Jumanne ya 9 Machi, King alipowafikisha watu darajani, wakapiga magoti, kisha akawageuza kurudi; wengi walijiona wamechezewa. Na aliyeichagua Selma kwa ajili ya sheria asome hadi 2013, Mahakama ya Juu ilipoondoa, katika kesi ya Shelby County, nguvu ya kipengele kilichoyalazimu majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba idhini kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi.

Chicago ni kinyume chake karibu katika kila kitu. Hakuna kibao cha "weupe tu" cha kung'oa. Hakuna Connor. Yuko Meya Richard Daley, anayetabasamu, anayekubali kwamba mitaa duni ni mibaya, na mwenye wanasiasa weusi wake mwenyewe. Januari 1966 King alihamia kwenye ghorofa chakavu huko North Lawndale ili aishi kama wakazi wanavyoishi. Mwenye nyumba aliposikia mpangaji ni nani akatuma mafundi haraka. Kila aliyewahi kumbembeleza mwenye nyumba azibe bomba atacheka hapo, kisha atakasirika.

Dai lilihama polepole kutoka mitaa duni kwenda kwenye haki ya kupanga na kununua nyumba popote, maana madalali wa nyumba walikuwa wakiwafungia weusi maeneo mazima. Tarehe 5 Agosti King aliandamana Marquette Park akapigwa jiwe kichwani. Alisema hata Mississippi na Alabama hakuwahi kuona umati wenye chuki kama ule. Tarehe 26 Agosti yakafikiwa makubaliano yenye ahadi nzuri na bila wa kuzisimamia. Wanaharakati wengi wa Chicago waliyaona kuwa usaliti, na nadhani hawakuwa mbali na ukweli. Sheria ya nyumba ya taifa ilikuja Aprili 1968, wiki moja baada ya King kuuawa.

Kati ya hizi mbili, darasa lipewe Selma. Lakini kama wewe unaishi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala na adui yako hana uso, yaani ni utaratibu wa kodi, vibali na ahadi za viongozi wapole, basi Chicago itakusaidia kufikiri kuliko Selma, hata kama haitakufurahisha.

Memphis, kwa wenye chama

Hii naipitia kwa kifupi kwa sababu kifo cha King kimeifunika, na msomaji ataujua mwisho wake kabla ya kuanza. Ikombolewe kutoka hapo. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukajiwasha ukawaponda. Siku kumi na moja baadaye wafanyakazi wapatao 1,300 waligoma. Walitaka chama chao kitambuliwe, mshahara na usalama kazini. Meya Henry Loeb alisema mgomo wa watumishi wa jiji ni haramu. Wagomaji walitembea kwa mstari mmoja na mabango yaliyotangaza kwamba aliyeyabeba ni mtu.

King aliitwa na Mchungaji James Lawson, wakati akiandaa kampeni ya maskini wa rangi zote. Maandamano aliyoyaongoza 28 Machi yaliharibika: vioo vilivunjwa, polisi wakashambulia, na kijana wa miaka 16, Larry Payne, akauawa kwa risasi ya polisi. King aliondoka amevunjika moyo, akarudi Aprili kuonyesha kwamba inawezekana kuandamana bila fujo. Tarehe 4 Aprili, akiwa na miaka 39, aliuawa kwenye roshani ya Lorraine Motel. Siku nne baadaye Coretta aliyaongoza maandamano hayo, kimyakimya.

Katibu wa tawi atakayeichagua Memphis asimame kwenye tarehe inayorukwa mara nyingi, 16 Aprili. Siku hiyo ndipo jiji lilipokubali kukitambua chama na kuongeza mshahara. Miezi michache baadaye chama kililazimika kutishia kugoma tena ili jiji litekeleze lilichoahidi.